Bastola ya Mawese

Nilijua kwamba mume wangu anatembea na bastola kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifua mashati yake. Wanaume wanaoficha kitu kiunoni wanasahau kwamba nguo zao zina mfuaji. Wanamhofia askari, wanamhofia jirani, wanamhofia mwizi wa bandarini, lakini mwanamke aliyeinama juu ya beseni na kipande cha sabuni hawamtii maanani. Shati la kwanza lilikuwa na doa la rangi ya machungwa upande wa kulia, chini ya mbavu, nikadhani ni mchuzi. Shati la pili lilikuwa na doa pale pale. La tatu lilipokuja na doa lile lile nilimwuliza kama siku hizi anakula kwa kiuno.

Akafunga mlango. Akafunga na dirisha, mchana kweupe, joto la Uvira likiwa linatupika kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mkeka, kisha akapandisha fulana. Pale kiunoni alikuwa amejizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na chini ya mpira, kikiwa kimelala juu ya ngozi yake, palikuwa na kibastola cheusi kisichozidi kiganja. Alinitazama kama mtu anayengoja kupigiwa makofi.

Doa lilikuwa mawese. Alikuwa ameambiwa kwamba silaha hupakwa mafuta ili isishike kutu, na kwa kuwa hakuwa na mafuta mengine, alichukua mawese yangu ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo. "Mafuta ni mafuta," alisema. Mtu huyu alikuwa karani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika ofisi ya serikali, mtu aliyewaandikia vitambulisho nusu ya watu wa Uvira, na hakujua kwamba mawese huganda na kushika vumbi. Mpaka leo naamini kwamba kitu kile kisingefyatuka hata kama angekipigilia kwa nyundo.

Alipewa na bosi wake Mzungu wiki ile ya uhuru, Mzungu huyo alipokuwa akipakia masanduku yake kwenye gari kukimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Kwa miaka tisa bwana yule alikuwa akimwita mume wangu "mtoto." Siku ya kuondoka akamwita "rafiki," akamtia bastola mkononi na risasi sita, akawasha gari. Kwa hiyo urafiki wao ulidumu kwa muda wa kufunga mlango wa gari. Mume wangu alikuja nyumbani amevimba kichwa kwa zawadi ile, wala hakujiuliza kwa nini Mzungu mwenye bastola ndiye anayekimbia.

"Unaogopa nani?" nilimwuliza.

"Minye siogope muntu. Iko ya kujilinda tu. Bazungu balienda, sasa kila muntu anajichunga mwenyewe."

"Unajilinda na nani?"

"Na bantu."

"Bantu gani?"

"Bantu tu. Weye haujue dunia."

Nilimsihi ataje hata mtu mmoja, hata adui mdogo, hata mtu aliyemwangalia vibaya sokoni. Hakuwa naye. Tulikaa Kimanga, hatua chache kutoka ziwani, kati ya wavuvi na wauza vitu vidogo vidogo ambao ni ndugu zangu wa kuzaliwa nao. Mimi nilifundisha wasichana wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, na hakuna mzazi aliyepita mlangoni petu bila kusalimia. Siwezi kusema miaka ile ilikuwa ya amani. Barabarani kulikuwa na vizuizi, askari walikuwa hawajalipwa na walikuwa na ulevi, na kila siku kulisikika jambo. Lakini adui wa mume wangu hakuwa askari wala mlevi. Adui wake alikuwa "bantu," yaani kila mtu, na adui wa namna hiyo hakuna bastola inayomtosha.

Akanikataza kusema. Silaha haikuwa na kibali, na serikali mpya ingemkamata. Niliapa nikiwa nacheka.

Basi nikaanza kuishi na mtu mwenye siri kiunoni, na nataka kuieleza siri hiyo jinsi ilivyokuwa, maana wako wanaume mpaka leo wanaodhani inapendeza. Kwanza, shati. Mume wangu alikuwa mtu wa kuchomekea, nguo nyeupe, mkanda unang'aa. Sasa shati lilitoka nje na kuning'inia kama pazia la jikoni. Ofisini walimwuliza kama amenenepa. Pili, kukaa. Hakuweza kuketi kwenye kigoda wala kwenye kiti cha chini, kwa sababu chuma kilimchoma kwenye nyonga; alikaa ameegemea upande mmoja kama kuku anayetaka kutaga. Kanisani alipiga goti moja, la kushoto, na padri akamsifu kwa kujitesa kwa ajili ya Bwana. Tatu, ziwani. Wanaume wa mtaa wetu walioga pamoja jioni, wakisuguana migongo na kusimuliana uongo. Yeye akaacha. Akawa anaoga nyumbani kwenye ndoo, na mimi nikawa mtu wa kuchota maji ya karani ambaye ana ziwa zima mbele ya mlango wake. Watu wakasema amekuwa Mzungu.

Nne, kofi. Hili nitalisimulia kwa furaha.

Tulikuwa bandarini Kalundu kumpokea dada yangu anayetoka kusini kwa mashua. Askari mmoja, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, alimwona mume wangu na shati lake jeupe akamwambia avue kofia. Mume wangu akachelewa kidogo. Askari akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa wauza samaki wa mikeke. Nikaangalia mkono wa mume wangu. Nilidhani, haya, leo ndiyo leo, miezi yote hii ya kufua mawese sasa inapata maana yake. Mkono ukapanda polepole, ukavua kofia.

"Pardoni, shefu," alisema.

Nilimwuliza njiani ile bastola ni ya nini kama si ya siku kama ile. Akaniambia siku ile ilikuwa ndogo. Hii ni ya siku kubwa. Tena, alieleza kwa sauti ya kufundisha, mtu hawezi kuitoa hivi hivi: lazima afungue vifungo, apandishe fulana, alegeze mpira. Nilipiga hesabu. Katika muda huo mimi ningeweza kumenya muhogo. Nilimdharau siku ile kwa moyo wote, na sioni haya kusema hivyo, ingawa alikuwa na alama za vidole shavuni.

Yote hayo yalikuwa vichekesho. Sasa niseme lile ambalo halikuwa kichekesho.

Mume wangu alikuwa mtu wa uwanda wa Ruzizi, wa Luberizi, na watu wa kwao hawasalimiani kwa mdomo tu. Kwetu ziwani tunakumbatiana pia, lakini wao wanafanya kama kazi. Mtu wa Luberizi akikuona baada ya siku kadhaa anakujia ametanua mikono, anakushika mabega, anashuka mpaka kiunoni, anakupapasa mgongo, na huku amekushika hivyo hivyo anaanza kuuliza. Habari ya nyumba? Ya mke? Ya watoto? Ya ng'ombe? Ya mpunga? Na wewe unajibu moja moja huku na wewe umemshika. Hamuachani mpaka maswali yaishe. Mkono wa kupeana kwa mbali ni wa ofisini na wa Wazungu. Na mtu anayekwepa kukumbatiwa ana neno moyoni: ama anakuchukia, ama amekutendea ubaya, ama ameficha sumu. Hakuna maana nyingine. Watoto wadogo wanalijua hilo.

Fikiri sasa mtu wa namna hiyo mwenye chuma kiunoni.

Mara ya kwanza tulipokwenda kwao baada ya uhuru, mjomba wake alitoka shambani na matope ya mpunga mpaka magotini. Huyo alikuwa kaka wa mama yake, mtu mfupi, mnene, mwenye kicheko, ambaye ndiye aliyemsomesha baada ya baba yake kufa. Alikuja mbio ametanua mikono. Mume wangu akarudi nusu hatua, akabana kiwiko cha kulia ubavuni, akanyoosha mkono wa kushoto mbele kama anayezuia ng'ombe. Mjomba akasimama. Akautazama ule mkono, akaushika kwa vidole, akasema, "Haya, karani," akaenda kunawa.

Mama mkwe wangu aliona. Jioni, tulipokuwa tunachambua maharage wawili, aliniuliza kama mwanawe ni mgonjwa. Nilisema hapana. Akaendelea kuchambua.

"Mwanangu," alisema baadaye, "muntu iko anaishi mu mikono ya benzake. Uyu anakimbia mikono ya bantu. Siku ya shida, ni mikono gani itamukamata?"

Maneno hayo niliyapeleka kwa mume wangu tukiwa njiani kurudi. Nilimwambia aache kitu kile nyumbani anapokwenda kwao, basi. Akanijibu kwamba njiani ndiko kwenye hatari. Nikamwambia basi akivue akifika, akifiche kwenye mfuko wa nguo. Akanijibu kwamba silaha iliyo kwenye mfuko ni ya mwizi. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, kama wapumbavu wote. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia, naye akasema methali ni za wanawake.

Hali ikawa hiyo. Kwa mwaka wa kwanza waliendelea kumjia na mikono, naye akiendelea kurudi ile nusu hatua yake. Mwaka wa pili wakaacha kumjia. Alipita barabarani Luberizi watu wakamwitikia wakiwa wameketi. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba wanasikitika kuona nimeolewa na mtu mwenye roho ngumu. Wengine walisema amelishwa kitu na Wazungu. Wengine walisema ana sumu chini ya kucha. Yeye alipoona watu wanamtazama hivyo, unadhani alifikiri nini? Alifikiri kwamba alikuwa na haki. "Unaona?" aliniambia. "Bantu banabadilika. Nilikuambia." Kila alichokipoteza kwa ajili ya bastola alikitumia kuwa sababu ya kubeba bastola.

Kisha mama yake akafa.

Tulifika Luberizi asubuhi. Wanawake walikuwa wanalia uani, wanaume wameketi kwenye majani makavu mbele ya nyumba. Mjomba alikuwa mlangoni, macho yamevimba, amempoteza dada yake wa pekee. Alipotuona alinyanyuka. Na hata baada ya miaka miwili ya kupewa vidole, alikuja ametanua mikono, kwa maana msiba unafuta mambo. Watu wote walikuwa wanaangalia.

Mume wangu alirudi nusu hatua. Mbele ya maiti ya mama yake. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Hata wanawake waliacha kulia. Mjomba hakuupokea mkono. Alimpita, akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaondoka, akamwacha dada yake azikwe na wengine. Mtu kuacha kilio cha nduguye kabla ya mazishi, kwao, ni kusema kwamba kati yangu na mwenye nyumba hii ujamaa umekwisha.

Mimi ningeweza kumkimbilia. Hili ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijawa mzee zaidi. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na ulimi. Ningeweza kumfikia pale kwenye mfereji wa mpunga nikamwambia: mjomba, si chuki, ni mjinga tu, ana chuma cha Mzungu kiunoni na anaona haya ukikigusa. Angecheka. Namjua, angecheka mpaka akae chini. Lakini nilikuwa nimeapa, na zaidi ya kiapo, nilikuwa namdharau mume wangu kiasi kwamba niliona vema aibu impate sawasawa. Nilisimama pale nimekunja mikono. Nilisema moyoni, acha aone.

Akaona nini? Hakuona kitu. Usiku ule alilala chali, bastola juu ya tumbo, akilia kwa ajili ya mama yake, na asubuhi akajifunga tena ule mpira.

Uasi dhidi ya serikali ulipokuja, mwaka wa nne wa uhuru, tulikuwa na mtoto wa kike wa mwaka mmoja. Ulishuka kutoka uwandani, na safari hii waliokuja walikuwa vijana wa kule kule, watoto wa wakulima, wenye majani kichwani na mikuki, na bunduki chache walizoziteka. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ambayo yangegeuza risasi kuwa maji, na dawa ina masharti yake: mpiganaji hagusi mtu asiyenyunyiziwa, hapokei mkono, hagusi mwanamke. Askari wa serikali wenye macho mekundu, wale wa makofi, walikimbia bila kuvua kofia. Na siku chache baadaye ikaanza kuulizwa mtaani nani alikuwa karani, nani alikuwa akiwaandikia Wazungu, nani ana silaha.

Siku kubwa ya mume wangu ilikuwa imefika. Nilimkuta chumbani ameketi kitandani na bastola magotini. Hakuwa na mpango wa kumpiga mtu. Alikuwa akiitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemfuga mwenyewe.

"Minye nifanye nini na hii?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipochukua kitu kile kwa mara ya kwanza. Kilinata mkononi kwa mawese na vumbi la miaka minne. Nilikitia ndani ya beseni, nikaweka nguo za mtoto juu, nikaenda ziwani kufua kama kila siku. Niliingia maji mpaka kifuani, mtoto akiwa kwa jirani, nikakiachia. Hakikutoa hata sauti. Na ule mpira nikaukatakata nikawapa majirani wafungie kuni. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani nimemwokoa.

Tukakubaliana kukimbilia Luberizi, kwao, kwa sababu Uvira kila mtu alimjua kuwa karani, na kule angalau kuna udongo wa baba yake. Tulitembea kwa miguu na watu wengine wengi, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Alikuwa mwepesi njiani. Alichomekea shati kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akabeba furushi kubwa, hata akaimba kidogo. Nilimtazama nikakumbuka kwa nini niliolewa naye. Nilimwambia tukifika aende kwa mjomba moja kwa moja, amkumbatie hata kama yule ana fimbo. Akasema, "Nitaenda. Leo leo."

Kizuizi kilikuwa kamba ya katani na majani ya migomba, saa ya jua kali, kabla ya kuingia Luberizi. Vijana walipanga watu mstari. Kando, kwenye magogo, waliketi wazee wa vijiji vya pale, na kazi yao ilikuwa kutambua. Ukifika mbele kijana anauliza, "Nani anamujua uyu?" Mzee akinyanyuka akasema ni mtu wangu, unapita. Asiponyanyuka mtu, unapelekwa kando, chini ya ulinzi, kwa mkubwa wao, na waliopelekwa kando hawakuwa wakirudi. Tuliona mbele yetu mwalimu mmoja akipelekwa.

Mjomba alikuwa miongoni mwa wale wazee.

Alituona tukiwa bado watu watano nyuma. Nilimwona akituona. Uso wake haukubadilika, nami nikaanza kuomba, sala zote ninazofundisha wasichana wangu. Zamu yetu ikafika. Kijana akauliza nani anamjua huyu. Kisha mjomba akaweka mikono magotini, akanyanyuka kwa shida, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Ni mwipwa wangu. Mutoto ya dada yangu. Minye ndiye nilimukomalisha."

Akaja ametanua mikono.

Na mume wangu akarudi nusu hatua. Kiwiko cha kulia kikabana ubavuni. Mkono wa kushoto ukanyooka mbele.

Hakuwa na kitu kiunoni. Kitu kilikuwa ziwani, mimi mwenyewe nilikiachia. Lakini mwili ulikuwa umefunzwa miaka minne, na mwili hauambiwi. Niliona uso wake alipojigundua. Niliona anataka kuirudisha ile nusu hatua. Mjomba alikuwa ameshashusha mikono.

"Mbona anakukimbia?" kijana aliuliza. "Muzee, ni mutu wako ao hapana?"

Ukweli wote nilikuwa nao, na ukweli ule ungemrudishia mjomba na kumtoa roho kwa maneno yale yale. Niseme si chuki, ni bastola? Mbele ya watu wanaotafuta wenye bastola? Siku ya kilio ningeweza kusema bure, pale kwenye mfereji, nikakunja mikono. Sasa nikasema, "Iko anaugua mugongo."

"Avue shati," alisema kijana mwingine, mkubwa kidogo, ambaye kabla ya dawa alikuwa polisi.

Mume wangu akavua. Nilikuwa nimeufulia mwili ule na kuulalia, na sikuwa nimeutazama kwa miaka. Kiuno kizima kilikuwa na mshipi wa ngozi nyeusi, ngumu, isiyo na nywele, kama shingo ya mbuzi aliyefungwa kamba tangu utotoni, na upande wa kulia, juu ya nyonga, palikuwa na sugu yenye umbo la bastola. Yule polisi wa zamani aliinama akaitazama bila kuigusa, kwa sababu ya masharti yake.

"Pistole iko wapi?"

"Mu ziwa," alisema mume wangu.

Wakacheka. Wakaambiana kwamba atapelekwa kwa mkubwa.

Mjomba alisogea. Yeye hakuwa na dawa, alikuwa na ruhusa ya kugusa. Aliweka kiganja juu ya ile sugu, akakibakisha pale kama mtu anayepima homa.

"Ni kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo, mujomba."

"Hata siku ya kilio ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Na minye nilisema unanichukia," alisema mjomba. "Miaka yote minye nilisema uyu mutoto ananichukia."

Kisha akamkumbatia. Alimshika mabega, akashuka kiunoni, akamzungushia mikono pale pale palipokuwa na chuma, na mume wangu naye akamshika, akaweka kidevu juu ya kichwa cha yule mtu mfupi. Kijana mmoja akawaambia waachane. Mjomba akasema hajamaliza kusalimia. Vijana wale walikuwa wa Luberizi, na hakuna mtoto wa Luberizi anayemkata mzee katikati ya salamu. Wala hawakuweza kuwatenganisha kwa mikono. Wakasimama wakingoja.

Mjomba akauliza habari ya nyumba. Mume wangu akasema ni njema. Akauliza habari ya mke, nami nipo pale nalia, akajibiwa mzima. Ya mtoto, mzima. Akauliza habari za ziwa, za ndagala, za mvua ya Uvira, za kaka zangu mmoja mmoja, za ofisi iliyokwisha kuchomwa. Mume wangu alijibu yote, polepole, hakuruka hata moja. Nilikuwa bado na hasira naye, hasira kali, na nilitaka maswali yale yasiishe mpaka Yesu arudi. Mjomba aliuliza habari za paka. Aliuliza habari za kuku. Akafikiri, akauliza habari za ng'ombe, ambao hatukuwahi kuwa nao, na mume wangu akamwambia kwamba ng'ombe wote ni wazima, wanakunywa maji vizuri. Mjomba akafungua mdomo tena, lakini maswali yalikuwa yamemwishia, na yule polisi akapitisha mpini wa mkuki katikati yao.